Mawe Niliyoyaosha

Siku hiyo tulikuwa watatu nyumbani kwangu, nje kidogo ya Kitale: mimi, binti yangu wa pili aliyekuwa anasoma yunivasiti, na wifi yangu, dada ya marehemu mzee wangu, aliyetoka Kamukuywa kunisaidia kupukuchua mahindi. Majina ninayo yote, lakini sitayaandika. Ilikuwa miaka ya themanini, ikielekea mwisho.

Binti alikuwa ametoka kwenye ile milima mikavu ya kaskazini, kupita Lodwar, na gunia la mawe. Wifi alicheka.

"Ati mtoto asomeshwe mpaka huko, arudi na mawe! Si Kamukuywa tunayo ya bure?"

"Shangazi, haya yanasema."

Akatueleza. Pale jangwani zamani palikuwa ziwa. Matope yake yakalala, yakawa mawe. Halafu ardhi ikapasuka, uji wa moto ukamwagika juu, ukaganda. Ziwa likarudi, moto ukarudi, mpaka mlima ukawa kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Ya chini ndiyo mzee. Kazi yake ya mwisho chuoni ilikuwa kupanga historia hiyo yote kwa mawe aliyobeba.

Asubuhi akaenda mjini kutafuta sanduku. Mimi nikaona aibu walimu wake wapelekewe mawe ya vumbi, tena yamebandikwa plasta za kidonda zilizoandikwa nambari. Nikazibandua. Nikayasugua kwa gunzi na majivu, moja moja, nikayaanika kwenye mkeka. Yaling'aa.

Akarudi, akasimama.

"Mama, plasta ziko wapi?"

"Nimechoma na takataka. Nimekuoshea, mama."

Kumbe kila nambari ilikuwa inasema jiwe limetoka wapi mlimani. Alichuchumaa, akaanza kuyalamba.

"Sasa ameamua kuyala!" wifi akasema.

Jiwe la matope hunata kwenye ulimi, kwa hivyo ya ziwa aliyatenga. Ya moto yote yalikuwa meusi, yanafanana. Akayageuza mpaka jioni, akatambua manne tu.

Lori la chuo halikwenda tena huko mwaka ule. Mtihani alipita kwa shida, na nafasi ya kuendelea na masomo akapewa mwingine. Akaenda kufundisha shule moja huko Kwanza, si mbali na hapa Kitale. Milima ile hajairudia.

Hajanilaumu hata siku moja, na mimi msamaha sijauomba kwa mdomo. Nimesema alitambua manne. Wifi alishikilia ni sita. Binti yangu, ukisoma hapa na uone nimekosea, nisahihishe. Ningefurahi sana kama ni sita.