Bibi Mgongoni

Juzi mjukuu wangu kanionyesha filamu ya Kichina kwenye simu. Akasema, babu, huyu mwongozaji ni hodari, ila hii alivurunda. Nikacheka. Hiyo naijua, mwenzangu, niliitafsiri mwenyewe tulipoishi ugenini kule kusini, Joubert Park, mwaka 2008, na Kichina sijui.

Utoto wangu uliishia kwenye mbuzi wa watu, sinema sikuziona. Utoto niliupatia uzeeni, ghorofani, Jumamosi jioni, baridi inapenya dirishani, heta ya mafuta ya taa inanuka, na maandazi, tena nakaanga mimi, maana ya mke wangu, Mungu amrehemu, yalikuwa mawe. Enhe, filamu. Shule niliachia la pili, yale maandishi ya chini yalinipita mbio, nikawa natafsiri kwa kutazama nyuso. Majirani waliokuja kutazama, hakuna aliyelalamika. Kazi za yule Mchina tulizipenda, watu wanaruka juu ya mapaa na mapanga yao.

Mwaka huo tulimpokea mama wa Kikongo, aliyekimbia kutoka Alexandra wageni walipopigwa. Chumba chake kilikuwa pazia pembeni ya sebule yetu. Alipika, alifua, alisalimia. Kukaa nasi, hapana. Kila Jumamosi mke wangu alimwekea chai, ikapoa. Alimwogopea: mtu akizoea kunyamaza hivyo, alisema, hatarudi tena kwa watu.

Basi siku hiyo filamu ikaanza, hakuna upanga. Mvua, matope, kijana kambeba kizee wa kike mgongoni, anapanda mlima. Anapanda tu. Jirani yetu Mrundi akaanza kukoroma. Nikajikaza kutafsiri: "Kijana huyu ana moyo, anampeleka bibi yake kwao."

Pazia likasogea. "Papa, ule muzee ni bibi yake?"

"Bibi yake kabisa, mama."

"Na anamubeba ku mugongo?"

"Anambeba, na asubuhi kamchana nywele."

"Yesu. Bwana yangu miye hata sahani hakubebaka."

Mrundi akaamka kwa kicheko. Ndipo nikakumbuka: kwetu Tanzania bibi ni mama wa mama yako, kwao Kongo bibi ni mke. Mke wangu akanifinya nisisahihishe. Nikaendelea, nikawaoza palepale, nikawatungia na harusi. Mama akatoka na blanketi lake, akaketi kwenye kochi, akainywa chai ingali moto. Yule kizee alipokufa kule juu, mama akamlilia kijana.

"Atapata wapi mwingine wa kupenda vile?"

"Sasa ataoa mwenye meno," Mrundi akasema, akapigwa na mto.

Jumamosi iliyofuata mama aliwahi, akakaa mahali pangu hasa, mimi nikaketi kwenye kreti ya soda, nikatafsiri kutoka huko. Na ikawa hivyo miaka yote tuliyokaa pale.

Mrundi karudi kwao. Mama kahamia Cape Town, mke wangu katangulia. Kochi lote langu sasa, nanyoosha miguu mpaka mwisho. Afadhali kreti.