Chumba cha Kijani na Stoo ya Saruji

Mama yangu alisimama mlangoni mwa bafu langu jipya, akakitazama choo cha kukalia, akageuka akautazama mlango wa chumba chetu cha kulala, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Na mkwe wangu hukaa hapa hapa?"

"Ndiyo, Mama. Sisi sote tunatumia hicho." Nilisema kwa fahari, mjinga mimi, na nikaubonyeza mpini aone maji yanavyoshuka.

Hakungoja yamalize kushuka. Aliokota mfuko wake, akapita jikoni kwa mguu ule mbovu, akatokea mlango wa nyuma. Nilimkuta ameketi juu ya mabaki ya matofali, mgongo kwa nyumba. "Mtu hakai mahali mkwe wake amekaa," akasema. "Na halalangi nyumba moja na yeye. Wewe umesoma mpaka umesahau?"

Basi hapo ndipo uliponipanda mori, na nikisema kweli haujashuka wote hadi leo.

Nieleze tulivyofika hapo. Miaka tisa tulipanga mjini, mtaa wa Shieywe, vyumba viwili, watoto wakicheza kwenye ngazi na kufukuzwa na kila mpangaji mwenye ndoo. Tulipotafuta ploti, broka alitupeleka nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Isecheno, akasimama katikati ya shamba la mahindi yaliyovunwa na kunyoosha mikono. "Madam, hapa ni mahali pa familia. Watoto watacheza, wazazi watapumzika. Shule ile pale, kanisa lile pale. Na lami inakuja." Shule ilikuwapo, sikatai. Makanisa yalikuwa mawili, yakishindana kwa vipaza sauti kila Jumapili. Lami ingali inakuja. Mvua ya kwanza baada ya kuhamia ilinivua kiatu kimoja katika ule udongo mwekundu, na sikukipata tena mpaka kiangazi.

Lakini sikununua kwa sababu ya lami. Nilinunua kwa sababu ya mguu wa Mama. Ana sukari na presha, na mguu wa kushoto una kidonda kinachofunga na kufunguka kinavyotaka. Nyumbani kwake Khwisero alibaki peke yake baada ya Baba kufariki. Kaka yangu wa pekee anafanya kazi Mombasa na huja Krismasi. Kila kliniki Mama alikuja mjini nyuma ya bodaboda, mguu ukining'inia, na daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba akiendelea hivyo mguu utakatwa. Nilitaka alale karibu na hospitali, mahali ninapoweza kumfunga kidonda kwa mikono yangu asubuhi kabla ya kwenda kufundisha. Hakuna kingine nilichotaka katika ploti ile. Hata maua sikupanda.

Ramani ya nyumba niliichora mwenyewe nyuma ya karatasi ya mtihani. Chumba cha Mama nilikiweka mkabala na choo, asitoke nje kwenye mvua. Nilikipaka rangi ya kijani kwa kuwa kitambaa chake cha kanisani ni cha kijani. Nikamtengenezea kitanda cha mbao, kipana na cha chini, asipate taabu ya kupanda. Mume wangu aliiangalia ile karatasi kwa muda mrefu, akauliza jambo moja tu: "Mama atakubali?"

"Mama ni mtu wa kanisa," nikamjibu. Akanyamaza, akairudisha karatasi mezani.

Ningejua maana ya kunyamaza kwake. Huyu ni mwanamume ambaye katika ndoa yetu yote hajawahi kumpa mama yangu mkono. Tukienda Khwisero na akutane naye njiani, huingia ndani ya mahindi hadi mama mkwe apite, na yeye mama mkwe hujifunika leso na kupita kama hajaona mtu. Wakiwa na neno la kuambiana hunipa mimi nilipeleke. Yote hayo nimeyaona, nikayacheka, hata nikayapenda kidogo. Kilichonishinda ni kufikiria kwamba heshima ile ingehitaji kuta zake na choo chake. Mimi binti wa pale pale nilichora nyumba ya kumpa mama yangu raha, nikamchorea aibu.

Uani kulikuwa na stoo ya mabati ambamo mafundi waliweka saruji na mlinzi alilala wakati wa ujenzi. Nilipokuwa bado nalalamika, Mama alishaingia humo na ufagio. Alipotoka, nyusi zilikuwa nyeupe kwa vumbi la saruji. "Hapa panatosha," akasema.

"Mama, hii ni stoo!"

"Iko na mlango wake."

Nilibembeleza, nikalia, nikapiga kelele. Nilimwambia kwamba mjini watu wameacha mambo hayo. Akaniuliza ni watu gani, niwataje. Jirani yangu, mwalimu kama mimi, nilipomweleza alishangaa kwamba nilishangaa. Mama yake akija humwombea kitanda nyumba ya tatu. Nikamrudia Mama nikamwambia basi mume wangu ndiye atakayehamia stoo. Hilo lilimkasirisha zaidi ya choo. "Umfukuze mwenye boma kwa sababu yangu? Ukinilazimisha, kesho narudi Khwisero." Na angerudi, namjua. Basi akalala juu ya godoro sakafuni, ndani ya mabati, na kitanda kipana kikakaa peke yake chumbani kwenye kijani chake.

Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa na ratiba kama ya shule. Mume wangu akirudi kazini alikohoa langoni mara mbili, kwa sauti, na Mama akaingia stoo na kurudisha mlango. Mama akitaka kuoga, au kwenda choo cha jirani, alinituma nichungulie uani. Watoto wakageuka matarishi: bibi anauliza kama baba ametoka, baba anauliza kama bibi ameingia. Mama akaomba awe na chupa yake ya chai, kwa kuwa chupa ya mkwe haiguswi. Hapo nikakataa kabisa. Nyumba moja, chupa moja. Kwa hiyo Mama akawa anakunywa chai iliyopoa, katika kikombe alichopelekewa na mtoto, bila kulalamika, na kule kutolalamika kulinichoma kuliko matusi.

Nilimkasirikia mume wangu pia. "Wewe si ungesema neno?" nikamwuliza.

"Nikuambie mama yako haruhusiwi kulala kwangu?" akajibu. "Ungenielewa vipi?"

Swali lake nalo likaniudhi.

Kisha zikaja zile mvua za kila alasiri, mabati yakipigwa hadi hatusikilizani. Jumamosi moja asubuhi nilipeleka maji ya kumwosha kidonda nikamkuta Mama hajainuka. Mguu ulikuwa umevimba hadi goti na mwili ukichemka. Godoro upande wa ukuta lilikuwa limelowa. Maji yalikuwa yakipenya chini ya mabati siku ngapi sijui, hakusema. Nilipiga simu ya teksi. Dereva akafika kwenye lami ya barabara kuu, akaitazama barabara yetu, akasema haingii hata umlipe nini. Bodaboda alikuja, akateleza mbele ya lango letu, na Mama mwenyewe hakuweza kukalia kitu.

Nilijaribu kumbeba mgongoni. Hatua tatu tukaanguka wote wawili, naye hata hakulia.

Mume wangu alikuwa kando ya nyumba, ameupa ua mgongo kama desturi. Nikamfokea aache adabu zake, mama yangu anakufa. Mama akaniinulia kidole kutoka matopeni. "Asiniguse," akasema. "Mwambie asiniguse."

Mume wangu akaondoka. Nilidhani ametukimbia, na Mungu anajua matusi niliyokuwa nikimtafutia mdomoni. Alirudi akisukuma wilbaro ya mafundi, ametandika ndani yake blanketi letu la kitandani, lile jipya. Akaiegesha, akageuza uso. "Mpandishe wewe," akaniambia.

Nikampandisha, sijui kwa nguvu gani. Mama akajifunika leso kichwa chote hadi kidevuni, na mume wangu akashika mipini. Tulitoka hivyo langoni: yeye anasukuma na kutazama pembeni, mama yangu amejifunika mbele yake kama bibi harusi, na mimi katikati nimeshika ukingo, matope hadi magotini. Kila gurudumu lilipozama alilinyanyua kwa kifua. Watu walitoka makanisani kwenye mazoezi ya kwaya wakatuangalia, wala hakuna aliyecheka.

"Mwambie mkwe wangu aende polepole," ikatoka sauti ndani ya leso. "Mgongo wake ni wa ofisi."

"Mwambie asihofu," akasema mume wangu, akihema. "Tunafika."

Walikuwa mbali kwa urefu wa mpini. Nikapeleka ujumbe, nikarudisha ujumbe, huku nalia kwa hasira, hadi kwenye lami.

Mama alilazwa siku kadhaa, nikawa nalala huko huko hospitalini. Mguu uliokolewa, daktari alisema tungechelewa kidogo tu angeukata. Nami nikaapa wodini, nimeketi kando ya kitanda chake, kwamba akitoka atalala chumba cha kijani, apende asipende, nitamfungia kwa ufunguo.

Siku ya kumrudisha, mvua ilikuwa imepumzika na teksi ikaingia hadi mlango wa mbele. Nilishuka wa kwanza nikakimbilia chumba cha kijani kufungua dirisha. Kilikuwa kitupu. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu ya kitanda.

Nilipotokea mlango wa nyuma niliona. Stoo ilikuwa imeinuliwa juu ya mistari mitatu ya matofali na ndani imemwagwa sakafu ya saruji. Ukuta mmoja wa mabati ulikuwa na misumari mipya, palipofunguliwa ili kitanda kipite. Nyuma yake kilisimama choo kidogo, bati lake linang'aa, na kwenye ua lilikatwa lango dogo la Mama peke yake. Mlango wa stoo ulipakwa kijani, mabaki ya rangi yangu, vibaya, michirizi tupu. Mume wangu hakuonekana popote.

Mama aliingia akishika ukuta. Alikaa juu ya kitanda, akaupapasa ubao, akalala, akanyoosha ule mguu wote kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu. "Mwambie mkwe wangu," akasema, "mimi sirudi tena Khwisero."

Nikarudi ndani, nikaketi sakafuni kwenye chumba cha kijani, kati ya zile alama nne. Nilikuwa nimechoka nao wote wawili. Kutoka lango kubwa nikasikia mume wangu akikohoa, mara mbili. Kisha, kutoka ndani ya stoo, mama yangu naye akakohoa, mara mbili, kumjibu.

Niliinuka, nikaenda dukani nikanunua chupa ya pili ya chai.