Fundi wa Nguo za Magome

Baba yangu alitengeneza nguo kwa magome ya miti. Nyumbani kwetu Isingiro tuliiita nguo hiyo rubugo, na kabla sijaolewa karibu kila mtu mzima wa kijiji chetu alikuwa na moja iliyopita mikononi mwa baba. Miti yenyewe, mitoma, ilisimama pembezoni mwa kibanja chetu cha migomba, mingine imepandwa na babu. Mvua ikishailainisha, baba alichanja gome juu na chini, akalipasua kwa urefu, kisha akalibandua polepole kwa kipande cha mgomba kilichochongwa, asije akaukwaruza mwili wa mti. Akimaliza, aliufunga mti majani ya mgomba kama mtu anavyofunga kidonda, ukaota gome jingine.

"Mti ukiutendea vibaya haukugombezi," alikuwa akisema. "Unakunyima tu."

Baada ya hapo ilikuwa kuponda, kutwa nzima, kwa nyundo za mti, juu ya gogo, mpaka gome lilainike na kupanuka. Mama aliianika nguo juani, akaikandamiza kwa mawe pembeni, nayo ikageuka rangi ya udongo wetu. Tulizaliwa wengi, tukabaki wawili, mimi na kaka yangu mkubwa. Huyo kaka baba alimpeleka shule ya misheni mwenyewe, akimshika mkono, na kwa kuwa shuleni hawakutaka mtoto aliyevaa gome, alimnunulia nguo ya amerikani dukani kwa Mhindi. Baba mwenyewe hakuwahi kuivaa.

Kaka alisoma, akawa mwalimu Bugene. Alipotaka kuoa, baba aliacha kazi za watu, akajitengenezea rubugo mpya ya kuendea kanisani. Sijaona nyingine laini kama ile. Asubuhi ya harusi alitoka ndani ameifunga begani, sisi wanawake tukampigia vigelegele. Kaka akamwita nyuma ya nyumba, ana kanzu mkononi. Mimi nilikuwa nikimenya ndizi hapo hapo.

"Tata, vaa hii."

"Nimekwisha kuvaa."

"Walimu wenzangu wanakuja. Padri atakuwapo. Tata, nakuomba."

Baba aliitazama kanzu, akamtazama mwanawe. Akaenda kubadili. Kanzu ilikuwa fupi, ikamwacha miguu nje, na kanisani alikaa ameikusanya magotini kama mtu aliyevaa nguo ya wizi.

Hakuna aliyemkataza kazi. Watu walipungua tu. Kwanza walikuja wa misiba na mahari, halafu wa misiba peke yake, halafu hata maiti wakaanza kuzikwa kwa shuka. Bega la baba nalo likaanza kumuuma. Siku moja alizifunga nyundo zake kwa kamba ya mgomba, akaziweka darini. Wenye ofisi husema mtu amestaafu. Lakini wao huagwa.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa, mwendo wa asubuhi hadi adhuhuri kutoka kwetu. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, baba alikuja kumwona, akakaa nasi siku chache. Alikuwa na furaha. Nilimsindikiza kurudi, mtoto mgongoni, nikampeleke na kwa bibi yake. Tulipofika kwenye kibanja tulikuta mwanga mahali ambapo hatukuzoea mwanga. Mitoma yote ilikuwa chini. Wanaume wa kukodiwa walikuwa wakiikata vipande, na kaka amesimama katikati yao, mikono ya shati ameikunja.

"Shikamoo, Tata," alisema kwa Kiswahili, kama alivyopenda tangu awe mwalimu.

Kaka akaanza kueleza: anachoma matofali ya nyumba yake Bugene, kuni za mtoma zinawaka vizuri, na hapo miti ilipotoka atapanda kahawa, mistari minyoofu, kama bwana shamba alivyofundisha.

"Ungengoja nife," baba alisema.

"Lakini ulikuwa huitumii tena, Tata."

Mama alikuwa mlangoni, analia bila sauti. Baba alipita katikati ya magogo, akaingia ndani, akaomba maji ya kunywa.

Mama hakuchukua muda mrefu akaugua. Tumbo lilivimba, dawa za misheni na za nyumbani zote zikashindwa. Alimwambia baba anataka azikwe katika rubugo mpya ya mkono wake. Baba akazunguka kijiji akitafuta mti. Kila alikokwenda alionyeshwa kahawa. Mwishowe mjane mmoja, mbali na kwetu, alimpa gome la mtoma wake wa mwisho. Nilikuja kumsaidia kuponda, kwa kuwa bega lilikuwa limekufa kabisa. Sikuwa fundi. Nguo ilitoboka katikati, akaishona kwa nyuzi za mgomba.

Mama alipofariki, kaka alifika na katekista na shuka jeupe.

"Mama alikuwa Mkristo," alisema.

"Na mimi ni nani?" baba akamjibu.

Wazee wa ukoo waliinamisha vichwa, kisha wakakubaliana na kaka. Yeye ndiye aliyeleta ng'ombe wa matanga. Mama alizikwa katika shuka. Baba alisimama kaburini amekunja rubugo kwapani mpaka udongo ukaisha.

Hakulala tena nyumba ile. Alikuja kwangu, jambo ambalo kwetu ni aibu, baba mzima kula kwa mkwewe. Mume wangu alimvumilia, sitamsingizia. Majirani ndio waliosema, na walisema kwa sauti ili asikie. Alijifunika rubugo ile ya mama kila usiku hadi alipofia kwetu, msimu wa mavuno ya maharage.

Ukoo ulikuja kumchukua, maana mwanamume hazikwi kwa mkwe. Kaka alizungumza kaburini, vizuri, kwa sauti ya mwalimu. Alisema marehemu alikuwa mkulima hodari, miongoni mwa wa kwanza kuipokea kahawa, na kibanja kile ni ushahidi. Watu wakaitikia kwa vichwa, hata wale ambao rubugo za mama zao ndizo zilizomchosha baba bega.

Nikasema, "Baba hakupanda hata mche mmoja. Alikuwa fundi wa rubugo."

Baba mdogo alinigeukia taratibu. "Binti, hapa si jikoni."

Kaka aliendelea alipoishia. Baada ya maziko tulikula, rubisi, pombe ya ndizi, ikamiminwa, naye akanijia kunipa mkono. Niliupokea. Watu walikuwa wakitazama.