Sponji ya Magongo ya Mama

Mimi ni fundi makochi. Tangu ujana wangu nimekata sponji, nimeipaka gundi, nimeivisha kitambaa, na nusu ya mtaa wetu hapa Tabora wamekalia kazi ya mikono hii. Sasa fikiria nilivyojisikia nilipozunguka mji mzima nikitafuta kipande cha sponji kisichozidi urefu wa mkono wangu, na nisikipate. Nilichoka. Hata leo nikikumbuka nachoka upya.

Mama alikuwa ameteleza kwenye saruji ya bombani akavunjika mguu. Plasta ilipotolewa, daktari alimwambia aanze kukanyaga kidogo kidogo kwa magongo. Magongo tulipewa na mjane mmoja wa msikitini kwetu, ambaye marehemu mumewe aliyatumia mpaka siku zake za mwisho. Yalikuwa imara na mepesi, ila mipira ya juu inayokaa kwapani ilikuwa imeoza, na ya kushikia ilibaki unga unga tu. Mama alikuwa anaegemea chuma kitupu. Nesi alimfundisha kwamba uzito uwe mikononi, si kwapani. Lakini mikono ya mama ina baridi yabisi, vidole havikunjiki vizuri, na chuma kile kilikuwa chembamba mno kwa kiganja chake. Kwa hiyo uzito ulirudi kwapani, na ngozi ikachubuka.

Hapa niseme jambo lenyewe waziwazi, maana bila hilo habari hii ya sponji ni upuuzi mtupu. Choo chetu kiko uani. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Mke wangu alitangulia mbele ya haki zamani, na dada yangu anaishi Dar es Salaam, ambako kila kitu ni rahisi kusema kwa simu. Na mtoto wa kiume hampeleki mama yake chooni. Hakuna aliyenifundisha hilo wala aliyemfundisha mama, ni jambo lililomo ndani yetu wote wawili. Ndoo ya chumbani aliikataa siku ya kwanza, akaniuliza itamwagwa na nani.

Aliyetuokoa mwanzoni ni mama jirani, Mmoravian wa watu, mkulima. Alikuwa anapita alfajiri na jioni, anabisha kwa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka, mama!", kisha anamshika mama kwapani kwa upole na kwenda naye uani. Mimi wakati huo najifanya nina kazi barazani. Halafu binti yake akajifungua huko Usinge, ikabidi aende kumlea mzazi. Alituachia chupa ya asali ya porini ya kupaka michubuko ya mama. Aliniaga kwa uso wa mtu anayejua anakuachia mzigo.

Baada ya hapo mama aliacha kunywa maji.

Sikuliona mara moja. Niliona kikombe cha chai kinarudi nusu, kisha kinarudi kilivyo. Ulikuwa msimu ule wa joto kabla ya mvua, Tabora ikiwa kama chungu kilichosahauliwa jikoni, na mama midomo imempasuka. Nikimuuliza anasema hana kiu. Siku moja nikamkalia kitako nikamwambia sitoki chumbani mpaka anywe.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "nikinywa nitataka kwenda. Nikienda, vile vyuma vinanichuna. Niache."

Nilitoka pale nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Kwanza nilifanya nilichokijua. Nilikata sponji ya kochi, ile bora, nikaizungushia kwenye chuma, nikaifunga kwa uzi na kuivisha kitambaa. Ilipendeza. Lakini sponji ya kochi imeumbwa kukaliwa, ikiwa bapa, imetulia. Ukiizungusha na kuiegemea mahali pamoja, inalala na haiamki. Haikuchukua muda chuma kikawa kinasikika tena ndani yake, na fundo la uzi likamwongezea mama kidonda kingine. Nikaifumua. Nilihitaji sponji iliyozaliwa duara, ngumu kiasi, yenye tundu katikati. Nilikwisha kuiona: ni ile nyeusi wanayovisha mabomba ya viyoyozi ili yasitoe jasho. Nikasema hiyo si kazi, naipata kabla ya adhuhuri.

Maskini mimi. Kwenye duka la kwanza la vifaa vya ujenzi nilieleza kwa mikono na mdomo, muuzaji akaniletea bomba la plastiki. Nikasema laini. Akaniletea mpira wa kumwagilia bustani. Duka la pili waliniletea sponji ya kuoshea vyombo, na dada wa pale akaniuliza kwa adabu zote, "Shikamoo baba, kwani unataka kufanyia nini?" Nikamwitikia marahaba na kumweleza habari za mama. Akasikitika kweli, akanipa pole, na pole yake ilikuwa ndicho kitu pekee nilichotoka nacho pale.

Fundi wa majokofu karibu na stesheni alikuwa nayo. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Kisha akaitoa, na tundu lake halikupita hata kidole changu cha mwisho. Mabomba ya jokofu ni membamba, akasema, ninayoitaka ni ya mashine kubwa za ofisini. Dada yangu wa Dar es Salaam akapiga simu jioni hiyo, akaniuliza kwa nini nisinunue tu magongo mapya. Nikamjibu kwamba magongo mapya huku tunayoyaona yana mpira mwembamba uleule, na mikono ya mama ni ileile. Akasema nimekuwa mkali siku hizi. Ni kweli, nilikuwa mkali.

Mababu wa mji huu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu, na lazima kulikuwa na kitu walichoweka kati ya mzigo na ngozi. Nilijikuta nawawaza nikiwa nimelala chali kwenye kochi la mteja. Chochote walichotumia, hawakuniachia kipande.

Yule fundi wa majokofu ndiye aliyenielekeza kwa mwenzake anayefunga viyoyozi, na mwenzake, nilipompigia, alikuwa kazini kwenye ofisi za wilaya, Isikizya. Nikapanda pikipiki nikamfuata, nikiwa nimebeba gongo moja la mama. Sisi mafundi makochi hatuamini tepu. Unachotaka kukivisha, kibebe ukakijaribu hapohapo. Nilichosahau ni kwamba mwanamume wa umri wangu akionekana na gongo, dunia nzima inampa pole. Dereva wa pikipiki alinishusha kama anashusha mayai. Mlinzi akaniletea kiti. Mama mmoja aliyekuwa na mafaili akanisimamia mlango na kuniambia, "Pole mzee, taratibu, kuna ngazi." Nilieleza mara mbili kwamba mimi mzima, kisha nikaona nitachoka zaidi, nikakaa kwenye kile kiti nikapokea pole zote. Na kusema kweli, ziliniingia. Hakuna aliyekuwa amenipa pole kwa wiki nyingi.

Fundi alikuwa juu ya ngazi. Akashuka, akalitazama gongo, akachakura kwenye mfuko wake wa mabaki. Kipande cha kwanza kilipwaya kikazunguka kama gurudumu. Cha pili kilikataa kuingia kabisa. Cha tatu tukakipasua kwa urefu kwa kisu, tukakivisha, kikabana chuma kama kimeumbwa nacho. Nilikiminya kwa nguvu zangu zote, nikakiachia, kikarudi kilivyokuwa. Nilitaka kumkumbatia yule bwana. Badala yake nikamwambia alete siti ya pikipiki yake niishone upya, maana niliiona imechanika, naye akasema hilo ni neno.

Nyumbani nilifanya kazi kama naandaa kochi la harusi. Sehemu ya kwapani niliweka sponji nene, na sehemu ya kushikia nikaiongezea tabaka mpaka ikajaa kiganja cha mama bila vidole vyake kulazimika kujikunja. Juu yake nikashona khanga yake kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, kwa sababu ngozi iliyochubuka haipendi kitu kigeni. Mama aliyapokea, akasimama, akaenda mpaka mlangoni na kurudi. Jioni ile alimaliza uji wake wote, na mimi nikalala kama gogo.

Kulipokucha nilisikia gongo limeanguka, kisha sauti yake. Nilikimbia.

"Usiingie!" akasema. "Baki hukohuko."

Nilisimama nje ya pazia. Nilimsikia akijipigapiga, nikasikia pumzi zake, kisha akaacha kujipigapiga, na sikuhitaji kuelezwa. Alikuwa amekaa sakafuni amelowa, hakuwahi kufika uani. Nikachukua khanga mbili kwenye kamba, nikageuza uso ukutani, nikazipitisha kwa mkono chini ya pazia. Akazipokea. Vidole vyetu viligusana, na wake ulikuwa mkono wa mtu anayeona aibu mbele ya mtoto aliyemzaa. Nilikaa kwenye korido nimeegemea ukuta, nikalia bila kutoa sauti.

Aliponiruhusu kuingia niliokota gongo. Sehemu ya kwapani ilikuwa nyeusi na inatembea. Sisimizi. Mama alikuwa amejipaka asali ya jirani kwenye michubuko kabla ya kulala, kama kila mtu wa huku anavyofanya, kisha akaenda uani na kurudi na magongo yake mapya, na ile khanga laini niliyoiona ni busara ikafyonza asali yote. Usiku kucha sisimizi walikuwa wanapanda miguu ya magongo kwenda karamuni. Alipoegemea, walimng'ata palepale penye kidonda. Mtu wa nchi nyingine asingekosea hivi. Sisi ambao kila nyumba ina chupa ya asali tulipaswa kujua, na hatukujua.

"Yatupe," mama akasema. "Sitaki kuyaona."

Sikubishana naye. Niliyapeleka uani, nikaifumua khanga, nikawakung'uta wale wadudu. Nilijua sponji nayo imeharibika, na nilijua sina nguvu ya kurudi Isikizya kupewa pole. Lakini nilipoipangusa kwa kitambaa kibichi, asali ikatoka yote. Sponji ile haifyonzi kitu, ndiyo maana wanaivisha mabomba. Ilikuwa safi kama ilivyotoka mfukoni mwa fundi. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu, nimechoka kiasi kwamba hata kushukuru ilikuwa kazi. Mwishowe niliingia karakana, nikakata leza laini ya kochi, ile ngozi ya kiwandani inayopanguswa na kukauka, nikaishona upya, mshono nikiuweka upande wa chini.

Ilibaki shida ya usiku. Wakati nawaza, macho yakaenda kwenye kabati la chakula jikoni, ambalo tangu utoto wangu linasimama na kila mguu ndani ya kopo la maji, ili sisimizi wasipande. Nikatafuta makopo mawili ya maziwa ya unga. Baada ya sala ya magharibi niliyaweka kando ya kitanda cha mama, nikayajaza maji, nikasimamisha magongo ndani yake na kuyaegemeza ukutani. Nikamwambia asubuhi ayatoe, ayafute miguu yasiteleze, aende zake. Sikumwambia anywe. Nilikuwa nimechoka kumwambia.

Mama aliyatazama yale magongo yalivyosimama kwenye maji, akanyoosha mkono akaminya sponji ya kushikia, akaiachia. Akaiminya tena. Mimi nikawa nakusanya uzi na mkasi wangu nitoke.

"Baba," akaniita. "Hata magongo yanapewa maji humu ndani."

Nikageuka.

"Niletee na mimi," akasema. "Kile kikombe kikubwa. Ukijaze."