Wa Nne Hayumo

Filamu ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa watu kama sitini ndani ya kibanda umiza cha Temeke, kile ambacho siku nyingine huonyesha mpira wa Ulaya. Tulikuwa tumekikodi Jumapili mchana ili tuangalie pamoja dokumentari ya kundi letu la muziki. Nasema letu kwa sababu sie tuliokuwa sekondari wakati redio zinaanza kupiga nyimbo za vijana tulilijua lile kundi kabla halijavaa suti. Lilitoka Chang'ombe, nyuma ya viwanda. Walikuwa wanne. Filamu ilisema walikuwa watatu.

"Tangu siku ya kwanza tulikuwa watatu," alisema mmoja wao kwenye skrini, amekaa kwenye kochi jeupe, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Muongo!" baba mmoja mwenye kipara akapiga kelele nyuma yangu. "Muongo mkubwa we! Wa nne mlimzika na jina lake?"

"Rudisha nyuma," mwingine akamwambia mwenye kibanda. "Labda katokea sie tunapiga soga."

"Utarudisha mpaka mwakani, braza. Hayumo."

Nilikuwa namwangalia mama wa huyo wa nne, aliyekaa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitenge alichotoka nacho kanisani. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa Mbeya aliyehamia Dar akiwa binti na hajaacha kuongea kama yuko mbele ya darasa. Mwanawe alifariki miaka mingi iliyopita, kabla kundi halijatoa kaseti yake ya kwanza. Mwanawe alipokuwa hai, mama huyu hakutaka hata kusikia habari za ule muziki. Alimfungia mlango, alimchania daftari lake la mashairi, na wimbo wao ukipigwa redioni alizima. Hayo aliniambia mwenyewe, bila kujitetea. Sasa alikuwa amekuja kumwona mwanawe na kumsikia, na aliyemwahidi kwamba atamsikia ni mie.

Waliotengeneza filamu niliwapeleka mie nyumbani kwake. Nafanya biashara ya kupita majumbani na vitenge na mashuka, nimehama hama toka Tandika hadi Sinza hadi Kimara na sasa naishi Bunju, kwa hiyo watu wengi wananijua na mie nawajua. Vijana wale waliposema wanatafuta watu wa zamani wa kundi, niliwashika mkono mpaka sebuleni kwa mama. Walikaa saa mbili. Walirekodi, walipiga picha ya marehemu iliyoko ukutani, walikula wali na maharage. Mama alivaa miwani mipya siku hiyo.

Kwenye filamu yote alionekana sekunde chache. Hata uso hakuwa nao. Ilionekana mikono yake ikimimina chai, huku yule wa kwenye kochi jeupe anasimulia jinsi akina mama wa mtaani walivyowapenda.

Nje ya kibanda nilimkuta anafuta miwani kwa ncha ya kitenge.

"Ile mikono ni yangu," aliniambia.

"Nimeiona, mama."

"Nimeitambua kwa pete. Sasa sauti yake ilikuwa wapi? Ulisema nitamsikia."

Nilimwambia nitafuatilia. Neno hilo nalichukia hata ninapolitamka mwenyewe, maana kila ofisi niliyowahi kupiga hodi mjini hapa wameniambia litafuatiliwa.

Wiki ile kundi letu la WhatsApp liliwaka moto. Tuko mia mbili na kitu humo, watu wazima wenye watoto sekondari, lakini matusi yaliyoporomoshwa ungedhani ni mechi ya watani wa jadi. Mmoja aliandika kwamba waliotengeneza wamehongwa. Mwingine alisema filamu nzima imejaa suti na magari, hakuna hata picha moja ya ile kona ya duka walipokuwaga wanafanyia mazoezi. Mwingine aliweka sauti ya dakika sita anafoka mpaka mkewe anasikika akimwambia apunguze. Wote walidai kumpenda wa nne kuliko wenzake. "Yule ndiye alikuwa kichwa," waliandika. "Wale watatu walikuwa mkia." Na kila mtu alimalizia kwa mstari ule maarufu wa ubeti wake, kwenye wimbo wao wa kwanza: *Nimetoka kwa mama, kapika maharage yameungua.* Na vikatuni vya kucheka vinafuata.

Mie nikampigia mwongozaji. Ni kijana mpole, ananiita dada kila baada ya maneno matatu.

"Dada, usinielewe vibaya. Mama tunaye, picha tunayo. Sauti dada ndiyo hatuna. Wimbo ulioko kwenye kaseti waliurudia upya baada ya yeye kuondoka, mahali pa ubeti wake mwingine kaimba maneno yake mwenyewe."

"Si muwaulize wale watatu?"

"Tumewauliza dada. Mmoja anasema hakumbuki, wawili hawataki kuongelea. Redioni nako wanasema tepu za enzi hizo zilishatupwa. Nileteeni sauti yake, ubeti mzima, hata iwe mbovu, naahidi tunaongeza sehemu yake na mama yake."

Nilifurahi kijinga. Mashabiki mia mbili, kila mmoja alikuwa anarekodi nyimbo redioni, tukose ubeti mmoja? Niliandika kwenye kundi na ndani ya saa moja watu kumi na wawili walijibu wanayo. "Mie ninayo, tena safi." "Ninayo mbili." Wengi ilibidi niwasumbue kwa wiki nzima, kaseti iko kwa shemeji, kaseti iko Kigoma, kaseti mtoto kachomoa utepe akachezea. Mwishowe tukakutana watatu nyumbani kwa yule baba mwenye kipara, Kimara, kwa sababu yeye ndiye mwenye deki ya kaseti inayofanya kazi. Ni karani, na vitu vyake vya zamani kavifunika vitambaa vya kufuma kama maiti. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Tandika, muuza vipodozi, aliyekuja na kaseti ndani ya kopo la poda ili isipate vumbi.

Tulianza na ya mwenye nyumba. Wimbo ukaanza, ule mlio wa kinanda cha bei rahisi, na niliona baba wa watu anasinyaa na kuwa kijana wa miaka kumi na saba. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kiitikio. Kisha sauti ya wa nne, nyembamba, ya puani kidogo:

*Nimetoka kwa mama, kapika maharage yameungua,
nimekula nikacheka, maana naye anajua...*

Klak. Ukaanza wimbo mwingine.

"Utepe umelika," baba mwenye kipara alisema. "Weka ya kwako, shemeji."

Mama wa Tandika akaweka ya kwake. Tukasubiri beti tatu zipite, tukaimba kiitikio kwa kelele. *...maana naye anajua.* Klak.

Tukacheka. Mama wa Tandika alisema shetani ndiye fundi mitambo. Nikaweka ya kwangu, ambayo nimehama nayo nyumba kumi na moja, na wakati beti zinapita kidole changu kilisogea chenyewe juu ya kitufe, kilishakumbuka kabla yangu.

Klak.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa hivi. Enzi hizo, kabla ya kaseti za dukani, nyimbo tulizipata redioni tu, na kurekodi redioni kulikuwa na adui mmoja: mtangazaji. Wimbo ukikaribia mwisho aliingia juu yake kwa sauti nzito, akataja kituo, akasoma salamu za watu wa Mbagala kwenda kwa watu wa Ilala, akaharibu kaseti yako. Ukipeleka shuleni kaseti yenye sauti ya mtangazaji ulichekwa muhula mzima. "Kaseti yako ina mjomba," walisema. Basi tulijifunza kumkwepa. Kila mmoja alijua kwenye kila wimbo mtangazaji anaingia wapi, na kidole kilikaa juu ya kitufe. Wimbo ule ulikuwa mrefu, mtangazaji hakuwaga na subira nao, aliingia kwenye mstari wa tatu wa ubeti wa nne. Sie tukabonyeza mwisho wa mstari wa pili. Jiji zima tulibonyeza palepale, na tukajiona mafundi.

"Lakini ubeti mzima tunaujua," mama wa Tandika alisema. "Si tulikuwa tunauimba?"

"Haya imba."

Aliimba mistari miwili. Akaacha mdomo wazi, akatutazama. Baba mwenye kipara naye akajaribu, akafika kwenye *anajua*, akarudi mwanzo kama mtu anayerudi nyuma ili aruke mtaro, akafika tena *anajua*, akasimama.

Nilirudi Bunju na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nikaandika kwenye kundi ukweli wote: kwamba ubeti wake mzima haupo kwa sababu tuliukata wenyewe, kwa hiyo tupunguze matusi kwa waliotengeneza filamu. Nilidhani watu watanyamaza kidogo. Wapi.

"Sista umelipwa shilingi ngapi na wale jamaa?"

"Tulikuwa watoto, acha kutupa kesi."

Na baba mwenye kipara, ambaye tulikuwa naye chumba kimoja, ambaye alisikia kwa masikio yake, aliandika: "Jambo la msingi ni kwamba WAMEMFUTA. Tusitoke kwenye hoja." Akapata dole gumba arobaini. Nilimpigia simu hapohapo.

"Braza, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Sasa?"

"Sasa unataka niwaambie watu mia mbili kwamba hawamjui? Unawajua hawa. Hasira ndiyo wamebaki nayo, waache nayo."

Nikamkatia.

Kwa mama nilichelewa kwenda siku nane. Nilipofika kwake Chang'ombe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeipata?"

Hakunipa hata nafasi ya kukaa. Nikamweleza, nikiwa nimesimama na furushi langu begani kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilieleza habari ya mtangazaji, ya kidole, ya kaseti tatu. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza alitoa jiwe moja kwenye mchele akalitupa uani.

"Kwa hiyo mlikuwa mnampenda."

"Sana mama."

"Na hakuna hata mmoja aliyemwacha amalize."

Akaingia ndani akatoka na redio yake ya kaseti, ambayo hupigia nyimbo za kwaya, akaondoa kaseti iliyokuwamo akaifuta vumbi. "Weka hicho mlichobakiza."

Nikaweka. Alisikiliza beti za wale watatu kwa uso uleule wa kusahihisha mtihani. Sauti ya mwanawe ilipoingia aliweka ungo chini. Ilipokatika, mie nikaanza kuandaa maneno ya pole.

"Hayakuungua," alisema.

"Nini mama?"

"Maharage. Sijawahi kuunguza maharage kwenye nyumba hii. Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza tena, safari hii kainama, sikio karibu na spika.

"Anajua. Anayejua ni nani? Ni mie?"

"Ndiyo mama, ni wewe. 'Maana naye anajua.'"

"Najua nini?"

Nikamwambia sijui.

"Miaka yote nilidhani kule ananitukana," alisema. "Watoto wa darasani kwangu walikuwa wananiimbia maharage, wanacheka. Nikasema kumbe mwanangu ananivua nguo redioni. Ndiyo maana nilizima. Sasa nasikia kala, kacheka, anataka kusema kitu juu yangu. Najua nini, mwanangu?"

Nilirudia kwamba sijui, kwamba wale watatu hawasemi, kwamba redioni wametupa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kutoa kazi ya nyumbani: "Wewe si unapita nyumba hadi nyumba? Kazi yako ni kubisha hodi. Waulize."

Basi nauliza. Ni miezi mitano sasa. Natandika vitenge kwenye mkeka wa mtu, Mbezi, Tegeta, Yombo, na mwenye nyumba akiwa wa rika langu nauliza kama anaukumbuka wimbo ule. Wote wanaukumbuka. Macho yanawang'aa, wanapiga kifua, wanaanza kuimba kabla sijamaliza swali, wanalaani dokumentari, wanalaani wale watatu, na wote wanaishia palepale. Kisha wanacheka wakidhani na mie nitacheka. Mtangazaji mwenyewe nimemtafuta. Yuko mkoani, anafuga kuku, na alinijibu kwa simu kwamba yeye wakati wimbo unaisha alikuwa anaongea, angesikiaje?

Wiki iliyopita, hapa hapa Bunju, mwanamke mmoja alikuwa anachagua kitenge cha sare ya harusi. Nikauliza kama kawaida. Akaimba mstari wa kwanza, akaimba wa pili, akafika *anajua*, na akaendelea. Mstari wa tatu, mzima, na wa nne, vina vimekaa sawasawa: kwamba mama anajua mwanawe harudi tena, ndiyo maana kampikia. Kitenge kikaniponyoka mkononi. Nilishaanza kutafuta simu nimpigie mama, nilishaliona hata jina lake kwenye kioo.

"Dada, ulisikia wapi hiyo?" nikamuuliza. "Ulikuwa na kaseti? Ulienda kwenye shoo?"

"Aa, nimetunga sasa hivi," alisema, anapima kitenge kwenye bega. "Si umeona inavyokubali? Hiki cha njano unapunguza?"

Nilikaa na simu mkononi. Maneno yalikuwa mazuri, tena yangeweza kuwa yake, na mama angeyaamini kwa sababu angeyasikia kutoka kwangu. Nikairudisha simu mfukoni, nikamwambia cha njano sipunguzi.