Niliwafundisha Kusema Tuko Salama

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, nikiwa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yetu kule Butiama, nageuza michembe. Ndivyo tunavyoviita vile vipande vya viazi vitamu tunavyoanika na kuviweka kwa ajili ya miezi ya njaa. Simu ikalia. Alikuwa Magesa, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa anasomea ualimu Bunda.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Dada, wiki ijayo kuna semina hapa chuoni, ya afya ya akili. Wanafundisha namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Nataka nijiandikishe."

"Afya ya akili? Kwani umeanza kuokota makopo?"

Akacheka kidogo. "Hapana, dada. Wanafunzi wengi tu wanaenda. Mnakaa, mnaongea yanayowasumbua."

"Mnaongea mbele za watu?"

"Ndiyo."

"Magesa, mambo ya nyumbani kwetu hayaendi kuanikwa Bunda. Wewe soma. Wakikuuliza, waambie uko salama."

"Sawa, dada," akasema. Nami nikarudi kwenye michembe yangu, nimeridhika kabisa.

Mwanangu, wewe uliyeniambia juzi kwamba semina za namna hiyo ni za watu dhaifu, kaa hapa nikueleze neno lile "salama" lilianzia wapi kwetu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili hivi siku ile, nikijiona mtu mzima niliyemaliza kujifunza. Ujana una namna nyingi, na mojawapo ni hiyo.

Wazazi wetu walifariki mmoja baada ya mwingine, mwaka haukuisha kati yao. Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya matanga ya pili, ukoo ulikaa kikao. Sisi watoto wanne tulikaa nje, lakini dirisha lilikuwa wazi, tukasikia tunavyogawanywa. Nyamisi aende kwa shangazi kule Manyamanyama. Bwire aende Kitaji, Musoma, kwa baba mdogo. Magesa, aliyekuwa na miaka mitano, wakawa bado wanamtafutia mahali. Niliingia ndani bila kuitwa. Nikasema shule nimeacha kuanzia siku hiyo, na wadogo zangu nitawalea mwenyewe pale pale kwenye nyumba ya baba.

Wazee walinitazama kama mtu anayeota. Aliyenijibu ni baba mkubwa, kaka yake baba, mtu mrefu asiyepoteza maneno.

"Sawa," akasema. "Lakini kila Jumapili nitapita hapa nikitoka kanisani. Siku nikimkuta mmoja analia, nawagawa."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa tutakufa njaa na lawama imwangukie. Lakini mimi nililichukua neno lake kama lilivyo. Kila Jumapili, kabla misa haijaisha, niliwapanga wadogo zangu mlangoni. Niliwanawisha uso kwa maji ya baridi, hasa Magesa, maana macho yake yalikuwa yanavimba upesi. Kisha nikawajaribu.

"Mko salama?"

"Tuko salama, baba."

"Tena. Magesa, inua kichwa. Mko salama?"

"Tuko salama, baba."

Baba mkubwa alikuja, akauliza, akajibiwa, akaenda zake. Nani alikuwa amelia usiku kwa kumkumbuka mama, hilo lilibaki ndani. Na ili lisitoke, nikapiga marufuku hata kumtaja mama, kwa sababu kila tukimtaja, mmoja wetu alianza. Tulilima pamba, tulilima mihogo, tulikula pamoja, hatukugawanywa. Najivunia hilo mpaka leo, na sitaomba msamaha kwa kuwaweka wadogo zangu chini ya paa moja. Kosa langu ni jingine. Baba mkubwa alifariki, tukamzika, miaka ikapita, na sisi bado tulikuwa tunamjibu.

Sasa turudi kwa Magesa. Miezi mitatu hivi baada ya ile simu, ikaja simu nyingine, namba nisiyoijua. Ni mwanamke. Akajitambulisha kuwa ni mkufunzi wa chuo, ndiye mlezi wa wanafunzi. Wanafunzi walimwita Madamu, nami nitamwita hivyo hivyo.

"Dada, mdogo wako ameniletea barua ya kuacha chuo," akasema. "Alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, akatoka darasani siku moja, hakurudi tena. Nimemwuliza kuna nini, anasema yuko salama. Kwenye barua pia ameandika kwamba hana tatizo lolote. Mtu asiye na tatizo haachi chuo bado muhula mmoja. Barua sijaipeleka kwa mkuu wa chuo. Nitakaa nayo mpaka Ijumaa. Njoo."

Kesho yake nilikuwa Makutano asubuhi nasubiri basi, na mfuko wa michembe mapajani. Moyoni nilikuwa nimeshaandaa hotuba nzima. Nitamkumbusha nilivyoacha shule. Nitamwonyesha viganja vyangu. Ninacheka nikiikumbuka hotuba ile, maana sikupata nafasi ya kuitoa.

Madamu alinipokea getini, tukamkuta Magesa nje ya bweni amekaa kwenye ukingo wa veranda. Amekonda, shati limemzidi, ndevu zimeota ovyo. Aliponiona alisimama, akaamkia, akanipokea mfuko. Nikamwuliza mbele ya Madamu, "Magesa, uko salama?"

Akainua kichwa. "Niko salama, dada."

Mwanangu, nikuambie ukweli. Niliona fahari. Nilimgeukia Madamu kama kumwambia, si umesikia mwenyewe?

Madamu alikuwa mdogo kwangu kidogo, mnene, mpole, na ana macho yasiyokwepa. Alimtuma Magesa akanitafutie maji ya kunywa. Alipokwenda, akanivuta pembeni.

"Dada, naomba nikuambie neno, usinichukie."

"Sema."

"Huyu kijana anakujibu kama raia anayesimamishwa na mgambo. Umemwuliza swali lenye jibu moja tu. Na nadhani wewe ndiye uliyemfundisha hilo jibu."

Nilikasirika. Mtu niliyekutana naye nusu saa iliyopita ananifundisha mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Nikamwambia, "Madamu, wewe umesoma vitabu. Mimi nimelea."

"Najua," akasema. "Na umelea vizuri, ndiyo maana yuko chuoni. Mchana huu tuna kikao kingine cha semina yetu ya afya ya akili. Kaa naye. Usipoona faida yoyote, barua nitaipeleka, nawe urudi naye nyumbani."

Nikakubali kwa hasira, ili nimwonyeshe.

Ilikuwa darasa la kawaida, viti vimepangwa mduara, wanafunzi kama ishirini. Binti mmoja mchangamfu alinisogezea kiti. "Shikamoo mama. Karibu. Hapa cheti hawatoagi, ila mandazi yapo."

Tulianza kwa kuvuta pumzi. Vuta polepole, hesabu mpaka nne, zuia, achia polepole. Nikamnong'oneza Magesa kwamba mimi navuta pumzi tangu nizaliwe na sijawahi kufundishwa. Madamu akasikia. "Vuta tu, dada," akasema, watu wakacheka, nami nikavuta. Sikutaka kukiri, lakini mabega yangu yalishuka. Sikujua kama yalikuwa yamepanda.

Kisha tukawekwa wawili wawili. Mmoja aseme jambo linalomlemea, mwenzake asikilize tu. Asishauri, asipoze, asihubiri. Mwishoni aseme neno moja, "Nimekusikia," basi. Nilipangwa na Magesa. Nikamwambia, "Haya, anza wewe."

Alikwangua rangi ya kiti kwa kucha. Halafu akaanza, sauti ya chini.

"Dada, kule nilikokuwa nafundisha, darasa la pili, kuna mtoto hakuja siku tatu. Wenzake wakasema amefiwa na mama yake. Siku ya nne akaja, amenyolewa kichwa."

Unajua desturi yetu, mwanangu. Msiba ukiisha, wafiwa hunyolewa. Kichwa cha mtoto aliyenyolewa msibani kila mtu anakielewa.

"Nikamwuliza mbele ya wenzake, uko salama? Akainua kichwa. Akasema, niko salama, mwalimu. Nilijua anadanganya, dada. Nilijua kwa sababu najua inavyosemwaga. Niligeukia ubao niandike tarehe, mkono ukakataa. Watoto wakaanza kucheka. Nikatoka."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno kumi tayari. Madamu alipita nyuma yangu, akaniwekea mkono begani, nikafunga mdomo.

"Tangu siku hiyo nikifumba macho namwona yule mtoto," Magesa akaendelea. "Halafu nataka kumwona mama, simwoni. Sina sura yake. Najua kitenge chake tu. Nimeogopa kukuuliza miaka yote hii, kwa sababu ulisema tusimtaje. Sitaki kuwa mwalimu wa kuwauliza watoto swali ambalo hata mimi sijawahi kulijibu."

Zamu yangu ya kusema neno moja ikafika. Yaani ile "nimekusikia" nilihangaika nayo kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mwishowe nikaisema.

Kisha ilikuwa zamu yangu ya kusema linalonilemea. Sikupanga. Nikamwambia habari za mama. Nilimwambia alikuwa na pengo la mbele na alikuwa hafichi mdomo akicheka. Alikuwa anaanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia, hata msikilizaji hajui kichekesho ni nini. Aliunguza ugali mara kwa mara kwa sababu ya kuongea na majirani, halafu anamlaumu ng'ombe. Nikamwambia kwamba yeye, Magesa, ndiye aliyerithi paji lake la uso, na kwamba asubuhi za Jumapili, nilipokuwa namnawisha, ilikuwa kama namnawisha mama, na ndiyo sababu nilikuwa nasugua kwa haraka.

Nililia pale, mwanangu, mbele ya watoto wa watu. Miaka kumi na sita nilikuwa sijalia. Hakuna aliyekuja kutugawa. Magesa alisikiliza mpaka mwisho, hakunipoza, hakunihubiria, akasema, "Nimekusikia, dada."

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Aliichukua barua yake kwa Madamu, ndiyo, lakini alirudia mazoezi ya kufundisha na alimaliza baada ya wenzake. Kwa miezi mingi alikwenda kwa Madamu kila wiki kuongea, na Madamu alipoona inahitajika alimpeleka hospitali kwa mtaalamu wa mambo hayo, akaenda bila aibu. Wapo walimu wenzake kule Musoma, anakofundisha sasa, ambao hata leo hawajui kwamba asubuhi ya kila muhula mpya anasimama nje ya darasa, anavuta pumzi, anahesabu mpaka nne. Na yule mtoto aliyenyolewa? Nilimwuliza Magesa alimfanyia nini aliporudi shuleni. Akasema hakumfanyia kitu kikubwa. Alimwuliza mama yake alikuwa akipika nini, na mtoto akaongea kipindi kizima cha mapumziko.

Basi, mwanangu, nisikilize. Kuna wakati kusema "niko salama" kunaokoa. Kulituokoa sisi. Lakini angalia kama yule uliyekuwa unamwogopa bado yupo, au unaendelea kumjibu aliyekwisha kufa. Ukiitwa semina, nenda. Ukiambiwa vuta pumzi, vuta, hata kama unaona ni upuuzi. Mimi niliona hivyo. Ukikosa usingizi, ukiona chakula hakina ladha, ukiona unataka kuacha kitu ulichokipenda bila kujua sababu, usingoje mpaka uandike barua. Tafuta mtu mmoja, umwambie jambo moja. Si lazima yote. Na ikiwa wewe ndiye mkubwa kwenu, usidhani umesamehewa hili. Sisi wakubwa ndio tunaochelewa zaidi. Ukimwuliza mdogo wako hali, mwulize kwa namna ambayo anaweza kukujibu vibaya na bado ukampenda. Kisha nyamaza. Kunyamaza huko ni kazi kuliko kulima, nakuambia mimi niliyelima.

Sina elimu ya kukupa, nina baraka tu. Mungu aliyetulinda tusigawanyike akulinde nawe usigawanyike ndani yako. Akupe usingizi mzuri na hamu ya kula. Akupe mtu wa kukusikiliza, na siku usipomwona, akuzuie usiamini kwamba hayupo. Nenda salama, na kama hauko salama, rudi uniambie.