Vikaratasi Chini ya Kitanda cha Dada

Mimi ni mwoga, na kazi yangu haijawahi kunisaidia. Watafiti wa chuo kikuu wakigundua kitu cha tiba huko maabara, mimi ndiye ninayekihangaikia mpaka kiwe bidhaa ambayo mtu anaweza kuikuta duka la dawa. Nabembeleza viwanda, nafukuzia vibali, najibu maswali ambayo watafiti hawapendi kuulizwa. Safari ile nilikabidhiwa vikaratasi vya kupimia zebaki kwenye mkojo. Ni vyeupe, upana wa kidole tu. Unachovya, unasubiri. Kikibaki cheupe, mshukuru Mungu. Kikigeuka pinki, zebaki imo mwilini.

Vilitengenezwa kwa ajili ya wajawazito, maana zebaki humfuata mtoto hukohuko tumboni. Na pa kuvijaribia ni wapi kama si kwetu? Huku kati ya Kahama na Geita, mchimbaji mdogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha analichoma lile donge. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Tulipewa chumba kwenye zahanati moja karibu na Bulyanhulu, nami nikafikia kwa dada yangu.

Dada alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka kabla ya hii, moja ikiwa kubwa kabisa, na pale nyumbani hakuna aliyethubutu hata kutaja nguo za mtoto. Akiinuka ghafla tu, mimi roho juu. Mumewe ananunua dhahabu kwa wachimbaji, ile ambayo bado imeshikana na zebaki, anachoma mwenyewe na kuuza. Siku niliyofika, hata begi sijalitua:

"Shikamoo shemeji. Zebaki unachomea wapi?"

Akacheka. "Marahaba. Ndiyo salamu za chuo kikuu hizo? Nachomea kulekule kwenye makarasha wanakosagia mawe. Hapa haiingii hata harufu."

"Haina harufu, shemeji."

"Basi ndiyo hivyo, haiingii."

Nikamwomba dada apime hata hivyo. Akakataa katakata. "Mume wangu ameniapia. Nikipima, si nitakuwa nimemwita mwongo? Na mimba hii sitaki ichokonolewe. Bhebhe, niache." Dada akishaingiza Kisukuma, ujue mazungumzo yamekwisha. Nikamwacha, lakini usingizi wangu haukuwa usingizi.

Maboksi ya vikaratasi aliniwekea chumbani kwao, chini ya kitanda. Palifaa: hakuna jua, dirisha limezibwa kwa sababu ya wezi, na mlango una kufuli. Kiwanda kilichotaka kununua haki ya kuvitengeneza kilikuwa kimetuomba tujaribu pakiti za karatasi ya kawaida badala ya zile za foili, ili bei ishuke. Kila asubuhi nilibeba pakiti chache kwenda zahanati.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wengine walitoka weupe, wengine pinki, tukawapa ushauri. Kisha ikaja wiki ya pinki tupu. Wake za wachimbaji, sawa. Lakini hata mama mmoja mlima pamba wa Kagongwa, aliyekuja tu kumsalimia binti yake, ambaye shimo la dhahabu hajawahi kuliona, naye pinki! Muuguzi, mtu wa ubishi, akachukua kikaratasi akakichovya kwenye maji ya chupa. Pinki.

"Kha! Maji nayo yanachimba dhahabu siku hizi?"

Nilicheka kwa mdomo tu. Watu wa kiwanda walikuwa wanakuja Ijumaa. Waje waone hivi? Wangegeuza gari hapohapo, na jasho la watu wote wale huko maabara lingekuwa limekwenda na maji. Nikampigia simu mtafiti wetu, mtu wa maneno machache.

"Fungua pakiti mpya kabisa," akasema. "Usichovye popote. Niambie rangi."

Nikachukua bodaboda mbio mpaka nyumbani. Dada alikuwa ameenda gulioni. Nikapiga magoti chumbani kwao, nikavuta boksi la chini kabisa, nikachana pakiti. Pinki. Nikachana nyingine. Pinki. Nikaanza kulia palepale sakafuni, simu sikioni.

"Vimeharibika vyote. Ni hizi pakiti za karatasi, unyevu umeingia."

"Unyevu hauvigeuzi. Nimevimwagia maji mwenyewe mara ngapi! Kinachovigeuza ni zebaki tu, hata ya hewani ikipenya karatasi. Umeviweka wapi?"

"Chini ya kitanda cha dada yangu."

Akauliza taratibu: "Yule mjamzito?"

Jamani. Nilikuwa naililia bidhaa! Nikatazama kile kitanda, chandarua, mto wa dada wenye maua aliyoyadarizi mwenyewe. Nikaingiza mkono kule nyuma kabisa, ukutani, nikagusa gunia. Ndani yake mlikuwa na jiko dogo la gesi na kijiko kikubwa kilichoungua mpaka kimekuwa cheusi.

Shemeji alinikuta nimekikamata kile kijiko. Hakujaribu hata kukana.

"Kule kwenye makarasha kuna macho, shemeji," akasema. "Ukichoma tu, majambazi wanajua leo una mzigo. Hapa kuna kufuli. Nachoma akiwa sokoni. Moshi unatoka kabla hajarudi."

"Unatokea wapi? Nionyeshe! Dirisha si mmeziba wenyewe?"

Akatazama pale palipokuwa na dirisha, kana kwamba ndiyo kwanza anapaona. Akapasogelea, akapapasa kwa kiganja kutafuta upenyo. Nilitaka kumrukia, nikashindwa, maana naye alikuwa ameogopa kuliko mimi.

"Yesu na Maria."

Ilikuwa sauti ya dada. Alikuwa mlangoni na kapu lake la gulioni, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Sikutegemea utulivu ule. Aliliweka kapu chini, akakaza kanga, akaniambia, "Twende zahanati."

Asubuhi ile boksi jipya la maabara lilikuwa limefika kwa basi kutoka Shinyanga, moja kwa moja mpaka zahanati, vikaratasi vyake vimo kwenye foili. Muuguzi akachana pakiti mbele yetu, akachovya kimoja kwenye maji ya chupa. Tukasubiri. Cheupe. Dada akaingia chooni, akarudi na kikopo. Nikachovya cha pili mimi mwenyewe, muuguzi amenishikia kiwiko.

Miezi na miezi nilikuwa nimezunguka ofisi za watu nikiapa kwamba vikaratasi vile havikosei. Pale nilisali kimoyomoyo vikosee. Rangi ikaanza pembeni, kidogokidogo, ikapanda.

Dada hakukitazama kikaratasi. Alinitazama mimi, mkono mmoja tumboni.

"Hiki nacho kimeharibika, eti, mdogo wangu?" akaniuliza. "Kama vile vya nyumbani?"

Muuguzi akainamisha kichwa. Nilitamani mtu mwingine yeyote amjibu.

"Hapana, dada," nikasema. "Hiki ni kizima. Hata vile vya nyumbani vilikuwa vizima."